Siku 90 za Schengen: jibu kwa mwanafunzi wa Dresden anayetaka kwenda Lyon, Rotterdam na Tanga

"Ninasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji mjini Dresden, Ujerumani, na huu ni muhula wangu wa pili. Nina miaka 24. Kibali changu cha ukaazi kinaisha tarehe 30 Septemba. Mama yangu mdogo anayeishi Lyon, Ufaransa, amenialika nikae naye wiki tatu mwezi wa nane. Rafiki yangu wa Rotterdam, Uholanzi, anasema nikitoka huko anaweza kunipatia kazi ya ghala kwa wiki mbili, na Desemba nataka kurudi Tanga kwenye harusi ya dada yangu. Wenzangu hapa wananichanganya. Mmoja anasema mgeni haruhusiwi kukaa Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka inayozitenganisha, zaidi ya siku 90, kwa hiyo zangu zilikwisha zamani. Mwingine anasema kadi ya chuo inatosha kuvuka mpaka. Mwezi wa tano nilikwenda Prague siku mbili na mwezi wa sita nilikwenda Copenhagen siku nne, na sasa silali nikifikiri kwamba nimevunja sheria. Mama kule nyumbani ananiambia nitulie chumbani nisome. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, nianze na hilo linalokunyima usingizi. Ikiwa ulikwenda Prague na Copenhagen ukiwa na pasipoti hai na kadi yako ya ukaazi, hukuvunja sheria yoyote, na safari hizo mbili hazina hatari kwa masomo yako. Barua yako imechanganya safari tatu ambazo kisheria hazifanani hata kidogo. Ya Lyon unaruhusiwa. Ya Rotterdam, kwa namna ulivyoieleza, huruhusiwi. Ya Tanga inategemea tarehe moja tu, nayo ni hiyo 30 Septemba uliyoitaja kana kwamba ni jambo dogo. Ningependa hofu yako uitoe kwenye siku 90 uihamishie kwenye tarehe hiyo.

Mwenzako aliyekuambia kwamba siku zako zimekwisha hakutunga uongo, ila alikupa kanuni inayomhusu mtu mwingine. Mtu anayetoka Dar es Salaam kwa viza fupi ya matembezi anahesabiwa kila siku anayoitumia popote ndani ya eneo la Schengen, na akifikisha 90 katika kipindi cha siku 180 anatakiwa awe ametoka. Wewe si mtembezi. Wewe ni mkazi wa Ujerumani, na siku unazoishi Ujerumani kwa kibali cha Ujerumani haziingii katika hesabu hiyo hata ukikaa miaka mitatu. Zinazohesabiwa ni zile tu unazozitumia katika nchi nyingine za Schengen.

Ukifahamu chanzo cha utaratibu huu hutababaishwa tena na maneno ya barazani. Tarehe 14 Juni 1985 nchi tano, yaani Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi ya wakati huo, Luxembourg na Uholanzi, zilitia saini makubaliano ndani ya meli kwenye mto Moselle, jirani na kijiji cha Schengen, kwamba zitaondoa ukaguzi kwenye mipaka inayozitenganisha. Mwaka 1990 zikaandika mkataba wa kutekeleza makubaliano hayo, na humo kifungu cha 21 ndicho kinachokuhusu: mwenye kibali cha ukaazi kilichotolewa na nchi mojawapo anaweza kutembelea nchi nyingine kwa muda usiozidi siku 90 katika kila siku 180, mradi awe na pasipoti hai, awe na fedha za kujikimu, awe na sababu ya safari yake, na asiwe tishio kwa usalama wa nchi anayokwenda. Kila nchi ilikubali kuamini kibali cha mwenzake linapokuja suala la kutembea, lakini hakuna iliyokubali kuachia mamlaka ya kuamua nani aishi kwake na nani afanye kazi kwake. Leo nchi hizo ni 29, na katika 28 kati yake wewe ni mgeni wa kupita.

Sasa tuhesabu siku zako. Kila siku ya safari, chukua kalenda urudi nyuma siku 180, kisha ujumlishe siku zote ulizokuwa nje ya Ujerumani lakini ndani ya Schengen. Siku ya kuingia ni siku kamili na siku ya kutoka ni siku kamili, hata kama ulifika saa tano usiku. Nchi hazihesabiwi moja moja. Zote huingia katika jumla moja. Prague ni siku mbili, Copenhagen nne, na Lyon, ukikaa wiki tatu kamili, ni 21, jumla 27. Zinabaki 63. Na kwa kuwa dirisha hilo la siku 180 husogea mbele kila siku, siku zako za mwezi wa tano zitaanza kudondoka zenyewe mwezi wa kumi na moja. Andika tarehe zako katika daftari na utunze tiketi, kwa sababu mipaka ya ndani mara nyingi haigongi muhuri, na siku ukiulizwa ushahidi utakuwa ni huo.

Schengen na Umoja wa Ulaya ni vitu viwili tofauti, na wanafunzi wengi hujikwaa hapo. Uswisi, Norwei, Iceland na Liechtenstein hazimo katika Umoja wa Ulaya lakini zimo katika Schengen, kwa hiyo kadi yako inafika huko. Ireland na Cyprus zimo katika Umoja lakini hazimo katika Schengen, na Uingereza haimo katika lolote. Ukitaka kwenda London au Dublin kwa pasipoti ya Tanzania unaomba viza ya huko. Kroatia iliingia Schengen Januari 2023, na Bulgaria na Romania zikakamilisha mwezi Januari 2025, kwa hiyo ramani iliyobandikwa ukutani bwenini kwenu huenda imepitwa na wakati.

Kuhusu kadi ya chuo, hapana, haitoshi. Kadi ya chuo inaonyesha kwamba unasoma. Haionyeshi uraia wako wala haki yako ya kuwa Ulaya. Unatakiwa kubeba pasipoti yenyewe na kadi ya ukaazi yenyewe, si picha zake kwenye simu. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa mipaka imefunguliwa, hakuna anayekagua. Tangu tarehe 16 Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi wa muda kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu na imekuwa ikiuongeza muda. Wewe uliye Dresden unapotoka Prague kwa treni utaona askari wakipanda karibu na Bad Schandau, mji wa mpakani upande wa Ujerumani.

Somo hili nililipata kwa gharama. Nilipokuwa mwanafunzi Munich nilipanda treni kwenda Salzburg na wenzangu watatu, kwa sababu tiketi ya siku ya jimbo la Bavaria inafika hadi kituo cha Salzburg, na tiketi ikifika mahali mtu hujisahaulisha kwamba mahali hapo ni Austria. Pasipoti niliiacha mezani. Jioni tukirudi, askari walipanda treni Freilassing, mji wa mpakani upande wa Ujerumani, na mimi peke yangu nikashushwa. Hawakunitendea ubaya wowote. Walitafuta taarifa zangu kwenye mfumo wao, wakathibitisha kwamba nina kibali, wakaniachia baada ya saa tatu, na wiki kadhaa baadaye ikaja barua ya faini. Lakini saa tatu zile za kukaa kwenye benchi huku nikiwaza kwamba masomo yangu yamekwisha sijazisahau, na simwombei mwanafunzi yeyote azipitie.

Kwa hiyo unapokwenda Lyon, pamoja na pasipoti na kadi, beba ile karatasi ya kijani ya nyongeza inayoambatana na kadi yako kama ulipewa, barua ya chuo inayothibitisha kwamba umesajiliwa, kadi ya bima, na karatasi fupi ya mama yako mdogo yenye jina lake, anwani yake na tarehe utakazokaa kwake. Askari ana haki ya kuuliza unakwenda wapi na utaishije, na aliye na majibu mkononi humalizana naye kwa dakika mbili.

Bima ya afya nitakaa nayo kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ninapoona wanafunzi wetu wakiumia bila kujua. Ukiwa katika bima ya umma ya Ujerumani, geuza kadi yako utazame upande wa nyuma: hiyo ndiyo kadi ya Ulaya ya bima ya afya, na kwa hiyo ukiugua ghafla Ufaransa unatibiwa kwa masharti yale yale wanayotibiwa nayo Wafaransa wenye bima, pamoja na michango midogo ambayo mgonjwa wa huko hulipa mwenyewe. Lakini kadi hiyo haifanyi kazi sawa kwa kila mtu. Raia wa nchi zisizo za Umoja wa Ulaya, na sisi tumo humo, hawawezi kuitumia kutibiwa Denmark, Iceland, Liechtenstein, Norwei wala Uswisi. Maana yake ni kwamba zile siku nne za Copenhagen ulikuwa halali kisheria, lakini kama ungevunjika mguu ungeweza kubebeshwa bili yote peke yako. Wenzako Wajerumani wasingeweza kukuonya, kwa sababu kwao kadi ile ile inafanya kazi. Safari nyingine ya nchi hizo nunua bima ya safari kabla hujaondoka. Huwa si ghali. Na kama bima yako ni ya kampuni binafsi, usidhani lolote. Soma mkataba, utafute sehemu inayotaja matibabu nje ya Ujerumani.

Kuhusu Rotterdam sitakuficha wala sitazunguka. Kibali chako kinakuruhusu kufanya kazi siku 140 nzima au 280 za nusu siku kwa mwaka, na ruhusa hiyo imetolewa na Ujerumani kwa kazi za Ujerumani. Haivuki mpaka. Uholanzi ina utaratibu wake wa kumruhusu raia wa nje ya Ulaya kufanya kazi, na kwa mwenye kibali cha nchi nyingine mwajiri ndiye anayepaswa kuomba idhini kabla kazi haijaanza. Rafiki yako anaweza kukuambia kwamba ni wiki mbili tu na kwamba utalipwa mkononi. Ukikutwa ghalani unaweza kurudishwa Ujerumani, unaweza kuandikwa kwenye mfumo wanaouangalia askari wa nchi zote 29, na ofisi ya Dresden itakuwa na sababu ya kuuliza kama masharti ya kibali umeyaheshimu, tena mwezi ule ule unaoomba kiongezwe. Kulipwa mkononi pia kunakuacha bila bima ya ajali, na kazi ya ghala ni ya mizigo mizito. Tafuta kazi hiyo hiyo Dresden au Leipzig wakati wa likizo, kwa mkataba ulioandikwa. Ikiwa ni Uholanzi yenyewe unayoipenda, iko njia halali ya kwenda kusoma huko muhula mmoja kupitia mpango wa kubadilishana wanafunzi kama Erasmus+, na chuo chako ndicho kinachokuombea.

Tuje kwenye tarehe 30 Septemba. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani, kifungu cha 81 aya ya 4, inasema kwamba ukiomba kuongezewa kibali kabla hakijaisha, kibali cha zamani huhesabiwa kuwa kinaendelea hadi ofisi itakapoamua. Ukiomba siku moja baada ya kuisha, ulinzi huo huna. Hata kama ofisi ya wageni haikupi miadi hadi Novemba, jambo ambalo ni la kawaida katika miji mingi, maombi yako yawe yamewafikia kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo, nawe uwe na uthibitisho kwamba yamefika. Mimi huwashauri wanafunzi wapeleke maombi miezi mitatu kabla. Kwako miezi mitatu ni sasa hivi.

Ofisi itataka kuona mambo manne makubwa: kwamba umesajiliwa kwa muhula wa baridi, kwamba masomo yanakwenda mbele, kwamba una bima, na kwamba una fedha. Hapo ndipo safari ya Lyon inapogusana na kibali, na sijaona mwanafunzi mwenzako aliyekueleza hilo. Kiwango cha fedha kinachotumika tangu Septemba 2024 kwa mwanafunzi ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Ukiiacha nusu ya akiba yako kwenye treni na mikahawa ya Ufaransa mwezi wa nane, utaikosa kwenye taarifa ya benki mwezi wa tisa. Kwa bahati nzuri kwa mama yako mdogo hutalipa malazi, na kwa umri wako una nafuu moja ambayo wageni wengi hawaijui: wakazi wa nchi za Umoja wa Ulaya wenye umri wa miaka 18 hadi 25 huingia bure katika makumbusho ya taifa ya Ufaransa, Louvre ikiwemo, wakiwa raia wa nchi yoyote. Ukipitia Paris, toa kadi yako ya ukaazi mlangoni.

Je, uende Lyon au uahirishe? Nimepima pande zote mbili. Ukienda mwezi wa nane unasafiri kwa kadi ambayo bado ni hai, na hiyo ndiyo hali salama kuliko zote. Ukisubiri hadi Oktoba unaweza kujikuta una karatasi ya muda badala ya kadi, na karatasi hiyo haieleweki vizuri nje ya Ujerumani. Upande wa pili, mitihani na kazi za muhula wa kiangazi huweza kuendelea hadi mwezi wa tisa, na barua ya ofisi ya wageni yenye siku chache za kujibu inaweza kukufikia ukiwa Lyon. Mimi ningekwenda, ila kwa wiki mbili badala ya tatu, baada ya maombi kupelekwa, huku mwenzangu mmoja akifungua sanduku langu la barua na kunipigia picha kila kinachoingia. Mama yako wa Tanga umweleze hivyo. Anataka usome, na ana haki. Lakini mtu aliyekaa miezi kumi katika mji wa ugenini bila ndugu hata mmoja anapata nguvu ya kusoma akila chakula cha nyumbani kwa mama yake mdogo.

Harusi ya Desemba ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kadi mpya ikiwa imetoka, hakuna tatizo, mradi usikae nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita. Isipotoka, omba ofisi ikupe cheti cha muda cha kusubiri uamuzi, kinachoitwa Fiktionsbescheinigung, kisha uangalie kwa makini alama imewekwa kwenye kisanduku kipi. Aya ya 4 ya kifungu kile cha 81 inakuruhusu kutoka na kurudi Ujerumani ukiwa na pasipoti, cheti hicho na kadi yako ya zamani. Aya ya 3 haikuruhusu kurudi. Kwa kuwa wewe tayari una kibali, ukiwahi kuomba unastahili aya ya 4, lakini makosa ya kalamu hutokea, na ni heri uyaone ukiwa bado kaunta kuliko uwanja wa ndege.

Hata ukiwa na aya ya 4, kumbuka kwamba mtu wa kwanza kukukagua wakati wa kurudi ni mfanyakazi wa shirika la ndege pale Dar es Salaam. Shirika hutozwa faini likimpakia abiria asiye na haki ya kuingia, kwa hiyo karatasi ngeni humtia hofu, naye akiwa na hofu hukuzuia. Wa pili ni askari wa nchi ya kwanza ya Schengen utakayoigusa. Ukirudi kupitia Amsterdam, huyo ni Mholanzi anayesoma karatasi ya Kijerumani; ukirudi kupitia Addis Ababa au Doha na kutua Frankfurt moja kwa moja, ni Mjerumani anayeifahamu. Kwa mwenye cheti cha muda tofauti hiyo ina thamani kubwa kuliko unafuu wa nauli. Na ukirudi nyumbani bila kadi wala cheti, utalazimika kuomba viza upya katika ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam, na muhula utaendelea bila wewe.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyamaliza. Ukipokea barua ya ofisi ya wageni inayokataa maombi au inayosema inafikiria kuyakataa, usijibu peke yako: mara nyingi muda wa kupinga uamuzi ni mwezi mmoja tangu barua ikufikie, na unahitaji mwanasheria wa masuala ya uhamiaji. Vivyo hivyo ikiwa kibali kimeshapita tarehe, au umefeli mtihani wa mwisho unaoruhusiwa na chuo kinataka kukuondoa, au tayari umefanya kazi mahali usipopaswa. Kwa mengine, nenda ana kwa ana kwenye ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako, au kwa washauri wa kijamii wa Studentenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, ambao hawatozi ada. Ukipoteza pasipoti ukiwa Ufaransa, anza polisi upate hati ya taarifa, kisha ubalozi wa Tanzania uliopo Paris.

Wiki hii lipa ada ya muhula wa baridi, kwa sababu bila hiyo chuo hakitakupa barua ya usajili, na bila barua hiyo maombi yako hayakamiliki. Wiki ijayo peleka maombi. Tiketi ya Lyon nunua baada ya hapo. Ya Tanga, chagua ile inayoruhusu kubadilisha tarehe, na dada yako mwambie mapema kwamba unakuja ikiwa karatasi zitawahi, ili asikuwekee jukumu la harusi ambalo hakuna mwingine anayeweza kulibeba.